Sikupokea simu kwa ulimi

Jamani, kabla chalii wangu wa kazi hajaongeza chumvi tena kwenye grupu: sikupokea simu kwa ulimi. Niliuma waya. Ni kesi mbili tofauti.

Jana, hoteli moja huku Sakina, Arusha, tunaunganisha swichibodi ya zamani ya simu na geitiwei mpya ya sauti, kile kisanduku cha kupitisha simu kwenye intaneti. Asubuhi nzima laini kimya. Kumbe nimechomeka tundu la FXS la swichibodi kwa tundu la FXS la geitiwei. Zote mbili kazi yake ni kutoa umeme na kupiga kengele, kwa hiyo kila moja inangoja mwenzake ainue mkono wa simu. Wazee wawili mlangoni, kila mmoja anasubiri shikamoo yake!

Nikahamia tundu la FXO kwenye geitiwei, lile linalosikia kengele na kufunga saketi, kama mtu anayeinua mkono wa simu. Waya ukataka kuchunwa upya. Koleo liko chini, mimi niko juu ya ngazi. Meno ninayo.

(Wale wa "volti 48 za laini ya simu haziumi": kweli, kwa kidole kikavu. Mimi nazungumzia mate.)

Nikauma. Ladha ya shaba, na kaukali kama ka kulamba betri. Nikajisemea kawaida hii. Nikageuza shingo nipate jino zuri, ncha zote mbili zikalala juu ya ulimi. Hapo ndipo nikamsikia dada wa mapokezi kule chini: "Kaka, nijaribu kupiga?"

Chalii akamjibu, "Piga tu, dada."

Nikataka kusema ngoja. Sasa jaribu wewe kusema ngoja umebana waya kwa meno. Ikatoka "ng'o".

Kengele ya simu hufika kama volti 90, umeme wa kwenda na kurudi mara 20 hadi 25 kwa sekunde. Nilizihesabu kwa magego. Taya likakaza badala ya kuachia, na nikauona Mlima Meru nikiwa kwenye chumba kisicho na dirisha.

Chalii anadai ulimi ulifunga saketi, swichibodi ikadhani simu imepokelewa, ndiyo maana kengele ilikatika. Uongo! Ilikatika kwa sababu dada aliposikia ile "ng'o" alibamiza mkono wa simu mahali pake akakimbilia nje.

Laini zinafanya kazi, hela tumelipwa, nimekunywa mtori wa vuguvugu tangu jana. Chalii kanipigia mara tatu leo, nikipokea tu anauliza, "Umetumia kiungo gani?"