Masikio huisha asubuhi, si motoni

Baba yangu mdogo alistaafu zimamoto bila kovu hata moja la moto. Tukamshukuru Mungu. Ila keti naye mezani umwombe kisu, atakuuliza, "Kitu gani?" Na hatanii. Sauti nyembamba kama s zilishampotea. Daladala likiunguruma barabarani analisikia vizuri tu, ndiyo maana kwa miaka alikataa kwamba ana tatizo. Sisi ndio tuliokuwa "tunanong'ona".

Uziwi wa kelele ndivyo unavyoingia. Huanza kula sauti za juu, karibu na hezi 4,000 (yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde), na vile vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena.

Watu husema, "Ndiyo kazi yenyewe." Hapo nabisha. Ndani ya nyumba inayowaka, sawa: askari lazima asikie mtoto anayelia, paa linalolia kabla ya kuporomoka, na kile king'ora kidogo cha kwenye mtungi wa hewa kinachopiga kelele mwenzako asipojongea kama nusu dakika. Sithubutu kumwambia mtu azibe masikio pale. Lakini kwa wiki yuko ndani ya moto saa ngapi?

Baba mdogo alinisimulia asubuhi za kituoni. Zamu zinapokezana, pampu inawashwa, jenereta inawashwa, msumeno wa kukatia chuma unavutwa kamba na kuachwa ungurume, mwingine anabonyeza king'ora aone kama kinalia. Mvua ikinyesha, yote hayo chini ya banda, mabati yakirudisha kelele. Kila siku ya kazi. Hakuna moto, hakuna anayeokolewa, na masikio yako wazi.

Taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri kikomo cha desibeli 85 (kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unakatwa nusu. Desibeli 100, basi, ni robo saa tu, na msumeno wa injini hufika hapo bila shida. King'ora ukiwa karibu nacho huvuka 110. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2005 zimeweka 90 kwa saa 8, ambayo kwangu ni ukarimu wa kupita kiasi.

Dawa yake haihitaji mfadhili. King'ora kishushwe kutoka juu ya paa la gari kiwekwe mbele kwenye bampa, vioo vifungwe njiani, vikinga masikio vining'inizwe msumari mmoja na msumeno ili anayeuchukua huu avichukue na vile. Na askari apimwe masikio siku anayoajiriwa, kisha kila mwaka, badala ya kusubiri wajukuu wagundue.

Nilimuuliza kama kituoni kwao vikinga masikio vilikuwepo. Vilikuwepo, akasema, jozi mbili, stoo, bado ndani ya nailoni. Vilitolewa wakija wakaguzi.