VPN na Wi-Fi, wake wenza wa kompyuta moja

Hivi VPN, ile njia ya siri ya kupitishia mawasiliano yako ya intaneti, na programu ya kusimamia Wi-Fi zina ugomvi gani? Huyu akiamka, yule ananuna! Kompyuta ikihama tu mtandao, VPN chali. Ukiiunganisha upya, msimamizi wa Wi-Fi anafuta anwani za DNS (ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba yake) zilizowekwa na VPN, anarudisha zake. Nani kamtuma? Alama ya Wi-Fi imejaa, VPN inasema "umeunganishwa", ukurasa haufunguki hata kwa dawa. Na ile Wi-Fi ya wageni inayotaka uingie kwanza kwenye ukurasa wake! VPN inauzuia ukurasa, bila ukurasa VPN haiwaki, wewe katikati umekodoa macho. Eti "zima, kisha washa." Jamani, si tumezima mpaka kitufe kimeota sugu?