Aliyesahau Jaketi Okozi Siyo Mungu

Nimetoka msibani Ujiji, hapa Kigoma, na hasira haijapoa, mnisamehe mapema.

Kijana wa miaka 22, mvuvi wa dagaa. Walitoka mwalo wa Kibirizi watu sita, siku za giza, mwezi haupo angani, na upepo wa kusini umeshaanza kama kila mwaka ukifika Mei. Usiku wa manane ziwa likachafuka, mtumbwi ukapinduka. Watano walirudi. Yeye alionekana siku ya tatu.

Sasa sikilizeni mahubiri. Mhubiri, sauti imetulia kama anasoma bei ya sukari, akatuambia kijana huyu aliandikiwa usiku ule kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu. Akafungua Waefeso 1. Akafungua Warumi 9, mfinyanzi na udongo wake, wewe ni nani hata umjibu Mungu. Akamalizia na ile tunayoijua wote: kazi ya Mungu haina makosa. Tukaitikia amina. Aliyeitikia kwa sauti kuliko wote alikuwa tajiri mwenye mtumbwi, kakaa kiti cha mbele chini ya turubai, bahasha ya rambirambi gotini. Mtumbwi wake haukuwa na jaketi okozi hata moja.

Kumbe aliyesahau kununua ni Mungu!

Mimi si mpinzani wa fundisho hili la uteule, kwamba Mungu alichagua na kupanga tangu mwanzo. Waefeso 1 naipenda. Lakini isomeni polepole: tumechaguliwa katika Kristo tuwe watakatifu, tumekusudiwa kufanywa wana. Habari ya nani azame na nani arudi mwaloni haimo. Paulo alikuwa anashukuru, mhubiri wetu kageuza shukrani ile kuwa cheti cha kifo. Na kama kila kitu kimeandikwa kwa namna anayoisema yeye, nielezeni kwa nini sanduku la sadaka kanisani kwake lina kufuli mbili.

Mtu akitaka kuhubiri uteule mbele ya wavuvi, kuna sura imekaa pale inamsubiri: Matendo 27. Merikebu, dhoruba, watu 276. Siku nyingi hawaoni jua wala nyota. Malaika anamwambia Paulo kwamba hatapotea hata mtu mmoja. Ahadi imetolewa, mambo yamekwisha, siyo? Basi walale. Lakini usiku mabaharia wanashusha mashua kijanjajanja, wanataka kutoroka. Paulo yuleyule, mwenye ahadi ya Mungu mfukoni, anamwendea akida na kumwambia: hawa wasipobaki humu ndani, hamtaokoka. Askari wanakata kamba, mashua inaachwa ianguke. Kisha Paulo anawabembeleza wale chakula, wapate nguvu. Asubuhi merikebu inakwama na kuvunjika; wanaojua kuogelea wanaruka kwanza, wengine wanafika pwani juu ya mbao. Hakupotea mtu, kama ilivyosemwa. Mungu alipanga, na katika mpango wake kulikuwa na akida wa kuambiwa ukweli, kamba za kukatwa, mkate, na mbao. Mnaona? Mbao zilikuwa ndani ya mpango. Ukiziondoa mbao usije ukaniambia ulikuwa unamtegemea Mungu.

Hata Calvin, yule mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, ambaye jina lake hutajwa kila mtu akitaka kumbebesha Mungu lawama, alilijibu hili waziwazi karne ya 16. Walikuwapo waliosema siku zimehesabiwa, tahadhari ya nini? Akasema aliyeweka mpaka wa maisha yetu ndiye aliyetukabidhi kuyatunza, akatupa na njia za kuyatunza, na hatari akatuonyesha ili tusijiendee tu. Na wale wa Dort, mkutano wa makanisa ya Kiprotestanti uliofanyika Uholanzi 1618 hadi 1619, watu wagumu kwelikweli kwenye uteule, waliandika kwamba chanzo cha dhambi hakimo kwa Mungu hata kidogo, kimo kwa mwanadamu. Tajiri wetu hapati kichaka hata kwao.

Haya, najua mtaniita Pelagius, yule mwalimu wa kale aliyetegemea juhudi za mtu kuliko neema. Huyo alishahukumiwa Karthago mwaka 418, na ninakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba askofu Augustino, mtetezi wa neema, alimshinda. Nikijitazama mwenyewe sina cha kubisha. Imani yangu sikuinunua. Bibi alinivuta kwa mkono kwenda kanisani nikiwa nalia nataka kucheza mpira. Nilipoasi ukubwani, nilirudi bila hata kujua nimerudije. Wakatoliki nao waligombana juu ya jinsi neema inavyofanya kazi na hiari yetu, watawa wa Kidominika upande huu, wa Kijesuiti upande ule, hadi mwaka 1607 Papa Paulo V akawaambia waache kuitana wazushi, bila kumpa yeyote ushindi. Sitamaliza mimi, mwalimu wa hesabu wa Mwanga, hapa hapa Kigoma.

Ila msibani nilimwona mtu aliyekuwa na haki ya kuhubiri neema, na hakuna aliyempa nafasi. Mmoja wa wale watano. Alikaa nyuma kabisa, karibu na sufuria, mikono imechubuka viganja vyote. Mtumbwini mlikuwa na madumu matupu ya lita ishirini. Watano waliyapata, wa sita hakulipata. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Kaka, lile dumu lilinijia tu. Sikulifuata." Kisha akanyamaza. Maneno hayo kinywani mwake ni sala. Yangesemwa na tajiri yangekuwa matusi.

Jirani yangu mzee wa Kiislamu, tuliyerudi naye kutoka makaburini, alitikisa kichwa njia nzima. Akasema, "Sisi kadari ni nguzo ya imani, mwalimu, lakini Mtume alisema mfunge ngamia wako kwanza."

Juzi nikashuka Kibirizi. Giza linarudi, mtumbwi umeshazibwa, jaketi hakuna. Yule kijana wa viganja nilimkuta amechuchumaa mchangani, anafunga dumu kwa kamba ya katani, dumu lake mwenyewe kanunua. Nikamuuliza kama bado anaamini siku zetu zimepangwa.

"Ndiyo, kaka," akasema. "Hebu nishikie hapa nikaze."