Kiroba cha Bibi

Nyumba ya Bibi iko Mabatini, Mwanza, juu kwenye mawe, na humo ndani hakitupwi kitu. Kipande cha sabuni kikishakonda kama kucha hukandwa pamoja na wenzake mpaka litokee tonge jipya la rangi tatu. Majani ya chai huchemshwa mara ya pili. Ukimwuliza anakurudisha 1983: watu wanafulia majani ya mpapai, ugali ni wa unga wa njano, sukari ni ya mgawo na jina la kaya analo mjumbe wa nyumba kumi. "Ninyi shida mmezisoma," husema. "Mimi nimezipangia foleni." Maji yakikatika, majirani wanaomcheka ndio hao hao wanaokuja kuomba kwenye madumu yake, kwa hiyo mimi hunyamaza.

Basi ikaja sensa, Agosti 2022. Karani alikuwa binti mpole, kizibao kifuani, kishikwambi mkononi. Akaamkia, akapewa kigoda, akauliza ni wangapi waliolala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23.

"Kumi na mmoja," Bibi akajibu bila kupepesa.

Tulilala wawili. Nikakohoa. Bibi akanikata jicho, akaanza kutaja majina, na alipofika kwa marehemu Babu ndipo nikaelewa hesabu yake: enzi za mgawo, vichwa vingi ndiyo sukari nyingi.

Mambo yakaenda vizuri hadi kwenye maswali ya mali. Redio? Baiskeli? Simu? Bibi akabadilika uso. Maana 1983 hiyo hiyo ndipo Waziri Mkuu Sokoine alipoendesha msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, na wapo waliotupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Mtu anayeuliza una nini ndani huku akiandika, Bibi anamjua siku nyingi.

"Mjukuu wangu, kamchotee mgeni maji," akasema. Kisha akaongeza kwa Kisukuma, haraka haraka: toa kile kiroba cha uvunguni, kakifiche kwenye mawe. Karani ama hakujua Kisukuma, ama alikuwa na adabu sana.

Kubishana na Bibi ni kupoteza muda. Nikatokea mlango wa uani, kiroba begani, nikaanza kupanda majabali. Ndala zinateleza, makopo yanagongana mgongoni. Watoto waliokuwa wakicheza rede chini wakainua macho, wakaona kijana anatoka nyuma ya nyumba ya ajuza na mzigo, mbio.

"Mwiziii!"

Sasa, siku ile serikali ilikuwa imetoa mapumziko kwa ajili ya sensa. Wanaume wote wako majumbani wanangoja kuhesabiwa, hawana kazi. Kofi la kwanza lilinikuta sijafungua mdomo, la pili likanikuta naeleza. Aliyeniokoa ni mwenyekiti wa mtaa, aliyetaka kiroba kifunguliwe kwanza, hadharani.

Yakatoka matonge ya sabuni. Masalio ya mishumaa. Kopo la Kimbo limejaa misumari iliyopinda ikanyooshwa. Michembe ya mwaka ambao hata panya wameusahau. Sukari imefungwa nailoni juu ya nailoni. Na chini kabisa, imefuliwa, imekunjwa, imefungwa kamba ya mkonge: mifuko ya rambo, ile ile iliyopigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Watu wakaguna. Mwenyekiti akanitazama kwa huzuni. Wizi haukuwapo, lakini mali haramu ilikuwa imepatikana.

Bibi akafika anatweta, karani nyuma yake. Hakuuliza nimeumia wapi. Alichuchumaa pale kwenye jabali, akayahesabu matonge ya sabuni, akarudia, akasimama.

"Yalikuwa tisa," akasema, akiwatazama mmoja mmoja. "Hapa yako manane. Haondoki mtu."

Wa kwanza kugeuza mifuko ya suruali alikuwa mwenyekiti.