Waitomo na watoto: kabla ya tiketi, fikiria macho

Familia nyingi zikipanga kwenda Waitomo, kijiji cha New Zealand chenye mapango ya wadudu wanaong'aa gizani, takriban kilomita 200 kusini mwa Auckland, huanza kwa kulinganisha bei za tiketi. Mimi naona hesabu ya kwanza iwe ya giza. Mtoto aliyekuwa akichezea simu mpaka mlangoni ataingia pangoni, aone nukta chache za kibuluu, kisha aanze kuuliza mnatoka lini. Si kosa lake. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa, na kuangalia kioo cha simu kidogo tu kunairudisha kazi hiyo nyuma.

Pia ajue mapema anachokwenda kuona. Vimulimuli tuliozoea huku kwetu ni jamii ya mbawakawa, nao huruka. Wale wa Waitomo ni mabuu ya inzi mwembamba anayefanana na mbu, Arachnocampa luminosa, ambaye hapatikani popote nje ya New Zealand. Buu hujishikiza kwenye dari la pango, akashusha nyuzi nyingi zenye matone ya ute unaonata. Mwanga unatoka mkiani. Wadudu wadogo walioletwa na mto huufuata, wananasa, naye huvuta uzi taratibu na kula. Mwenye njaa huwaka zaidi. Hukaa hali ya buu kwa miezi tisa hivi, lakini akishageuka inzi hana tena mdomo wa kulia: anapandana, anataga, anakufa ndani ya siku chache. Wengine hunasa kwenye nyuzi za mabuu wenzao wakaliwa. Waelezeni watoto haya kwenye gari. Anayejua kwamba zile "nyota" ni mitego atatulia kwenye mashua ya humo pangoni kuliko aliyeahidiwa maajabu tu.

Pango kuu lina ziara ya dakika 45 hivi, sehemu ya kwanza kwa miguu na ngazi, ya mwisho kwa mashua isiyo na injini. Kiongozi huivuta kwa kamba zilizofungwa juu. Kigari cha mtoto hakifai humo. Tumia mbeleko, tena umbebe mtoto kifuani, maana ukimweka mgongoni huoni kichwa chake kinapokaribia mwamba. Mwenye kiti cha magurudumu aulizie pango la Ruakuri, ambalo huingiwa kwa njia ya mzunguko inayoteremka polepole bila ngazi. Ile safari ya kuelea na maboya ndani ya Ruakuri waachieni vijana: sharti lake ni miaka 12 na uzito wa kilo 45, na maji ni ya baridi kweli.

Kupiga picha katika pango kuu ni marufuku. Wazazi hulalamika, lakini mimi naunga mkono marufuku hiyo kwa mikono miwili. Simu haipati chochote cha maana katika giza lile, na anayejaribu huwaharibia macho watu wote waliomo kwenye mashua. Isitoshe, pango lenyewe ni dhaifu kuliko linavyoonekana. Hewa tunayopumua ikichanganyika na unyevu hula mawe ya chokaa, ndiyo maana kaboni dioksidi hupimwa humo na kikomo kimewekwa: sehemu 2,400 kwa milioni. Mabuu nao wanahitaji hewa yenye unyevu mwingi. Upepo mkavu ukipita, wanakauka.

Kama mtoto bado ni mdogo au anaogopa giza, msimlipie tiketi kwanza. Mjaribuni usiku katika njia ya msitu ya Ruakuri, ambayo ni ya bure na ina mabuu kwenye kingo zake. Zimeni taa za gari, kaeni palepale dakika 10 au 15, kisha mtembee na tochi moja tu, yenye mwanga mwekundu, ikielekezwa miguuni. Msiwamulike mabuu wala msiguse nyuzi. Ukimulika huzima, na uzi uliokatika ni chakula kilichopotea. Akianza kulia, gari liko karibu. Kwenye mashua hakuna pa kugeukia.

Viatu viwe vya kufunika vidole na vyenye soli ya mpira, sweta iwepo hata kiangazi, na choo kitangulie.

Linalovuruga mipango zaidi ni mvua. Mto ukijaa, mashua hazipiti, hata kama juu jua limeshatoka. Pigeni simu asubuhi ya siku yenyewe kabla ya kuanza safari. Mkikosa pango, ile njia ya msitu inabaki jioni, na unyevu hauwasumbui mabuu. Cha kuangalia ni ngazi zake, ambazo baada ya mvua huteleza vibaya sana, kwa hiyo kila mtoto mdogo ashikwe mkono na mtu mzima wake.