Mita 58 chini ya maji, ashuke mtu au roboti?

Kila nikisikia habari za roboti za baharini akili yangu inarudi Likoni, kule kwenye kivuko cha Mombasa. Septemba 29, 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee likazama na mama na mtoto wake, likaja kutolewa Oktoba 11. Lilikuwa mita 58 chini. Siku zote hizo watu wamesimama pale wanatazama maji tu.

Na mita 58 sio mchezo. Mtu anayezamia kwa starehe mwisho wake mita 40, ukipita hapo na mtungi wa hewa ya kawaida naitrojeni inakulewesha kabisa kama pombe, na kazi ikiisha huwezi kupanda mbio, lazima usimame usimame njiani la sivyo damu inafanya mapovu. Roboti haina hayo. Juni 2023 Titan, ile nyambizi ndogo iliyopeleka watu kuona mabaki ya meli ya Titanic, ilipopotea na watu 5, iliyoenda kuikuta vipande vipande ni roboti, Odysseus 6K, huko kwenye Titanic karibu mita 3,800, hakuna mwokoaji hata mmoja aliyelazimika kushuka. Kwangu hilo ni kubwa sana.

Lakini wanaosema tusikimbilie mashine nao wana hoja, tena nzito. Mawimbi ya redio hayapenyi majini, kwahiyo sio kama droni unairusha na rimoti, hii inafungwa waya mpaka juu kwenye meli, sasa penye mkondo mkali maji yanauvuta ule waya na roboti haitulii. Kukiwa na tope kamera haioni kitu unabaki na sona, kile chombo kinachotafuta kwa mwangwi wa sauti, ambayo inakuonyesha vivuli tu, asiyezoea hajui hili gari au jiwe. Halafu hela. Nereus, roboti ya Wamarekani, ilifika mita 10,902 mwaka 2009, Mei 2014 ikapasuliwa na presha huko upande wa New Zealand, wakabaki kuokota vipande vinavyoelea. Wao wana uwezo wa kuunda nyingine, sisi je?

Mimi bado nasema inunuliwe, ila ile ndogo ya kubebwa na watu wawili, na ikae palepale kivukoni isifungiwe stoo mjini, maana dakika za kwanza ndo zenye maana. Na anayeiendesha awe mzamiaji mwenyewe, sio fundi wa kompyuta aliyeletwa juzi, kwa sababu mzamiaji anajua maji yakipwa yanavuta kitu kuelekea wapi, na mwisho wa siku ni yeye atakayeshuka kufunga kamba.