Wanaosubiri Huduma za Ulemavu Nairobi Wahesabiwe Hadharani

Mzazi wa Nairobi aliye na mtoto mwenye usonji, mtindio wa ubongo au ulemavu wa akili hasubiri mara moja. Kwanza anasubiri tathmini. Akishaambiwa tatizo ni lipi, anasubiri siku ya mazoezi ya viungo au ya tiba ya usemi katika hospitali ya umma. Mtoto akifika umri wa shule, anasubiri nafasi katika kitengo maalum. Katikati ya hayo kuna fomu za Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na kuna ombi la Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha kila mwezi wasiojiweza. Kila mlango una daftari lake, na aliyeandikwa hapa hajulikani pale. Hakuna mahali pamoja anapoweza kwenda kuuliza: mtoto wangu ni wa ngapi, na waliopata kabla yake walipata kwa kigezo gani?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, imetoa nafasi ya kupanga upya mambo haya. Wapo wanaotaka kaunti iwe na orodha moja ya wazi, yenye vigezo vinavyojulikana. Wapo wanaosema kutangaza orodha bila fedha za kuipunguza ni kuwapa wazazi matumaini hewa, na kuifungulia serikali milango ya kushtakiwa kila wiki. Mimi niko upande wa orodha. Hata hivyo wanaopinga wana hoja nzito, na wanaharakati wamezoea kuzipita haraka.

Tuanze na hesabu zilizopo. Sensa ya 2019 ilipata kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi, watu kama 900,000, wana ulemavu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2008 ulikuwa umepata asilimia 4.6. Ulemavu haukupungua kwa nusu katika miaka 11. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza na nani wa kuhesabiwa. Sensa ilihesabu waliosema wana ugumu mkubwa, au hawawezi kabisa, kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana. Watoto walio chini ya miaka 5 hawamo katika takwimu hiyo, na huo ndio umri ambao mazoezi na mafunzo kwa mzazi huleta manufaa makubwa zaidi. Watafiti waliowapima watoto wa miaka 6 hadi 9 mashambani Kilifi, matokeo yakachapishwa 2006, walikuta 61 katika kila 1,000 wana matatizo ya neva na ubongo ya wastani au makali, kifafa kikiongoza. Nairobi haina malaria ya Kilifi, inayoweza kudhuru ubongo wa mtoto, lakini watoto wanaokosa hewa wakati wa kuzaliwa, wanaochelewa kutibiwa manjano au wanaopata homa ya uti wa mgongo tunao hapa pia.

Sasa linganisha na msaada. Inua Jamii huipa familia yenye mtu mwenye ulemavu mkali shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa miaka mingi idadi ya familia hizo ilikuwa karibu 47,000 nchi nzima. Ukizigawa sawasawa kwa maeneobunge 290, unapata kama 160 kwa kila eneobunge. Sensa hiyo hiyo ilikuta karibu watu 140,000 wasioweza kujihudumia au wenye ugumu mkubwa wa kufanya hivyo. Baadhi yao ni wazee ambao wana mpango wao, kwa hiyo sidai pengo lote ni la watu wenye ulemavu wa ukuaji, yaani ulioanza utotoni. Nadai kwamba hakuna anayeweza kukuambia pengo lenyewe ni kubwa kiasi gani Kayole au Kawangware, kwa sababu aliyekataliwa au kuambiwa “rudi mwakani” haandikwi popote. Asiyekuwepo na lake halipo.

Hapo ndipo Katiba inapoingia. Maafisa wa fedha hupenda kukumbusha kwamba haki za afya, elimu na hifadhi ya jamii zilizo katika Kifungu cha 43 zinatimizwa hatua kwa hatua. Ni kweli, Kifungu cha 21 kinasema hivyo. Lakini Kifungu cha 20(5) kinaongeza sharti: serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki hizo, ni jukumu lake kuonyesha kwamba hazipo. Utaonyeshaje kwamba fedha hazitoshi ikiwa hujui zingehitajika kwa watu wangapi? Kwangu hii ndiyo hoja kubwa kuliko zote za kutaka orodha, na ajabu ni kwamba inaisaidia serikali yenyewe. Kaunti yenye orodha halisi inaweza kusimama mbele ya jaji na kusema: hawa ndio wanaosubiri, hiki ndicho tulichonacho, na hivi ndivyo tulivyogawa. Kaunti isiyo na orodha ina maneno tu.

Kifungu hicho hicho kina ugumu ambao watetezi hawautaji. Kinaitaka serikali iwafikie wengi kadiri inavyowezekana, huku ikizingatia hali ya makundi yaliyo dhaifu. Haya mawili huvutana. Ukigawa kidogo kwa wengi, unapata shilingi 2,000 ambazo hazijapanda kwa zaidi ya miaka kumi, na ambazo nauli ya mama aliyembeba mtoto wa miaka 9 kutoka Dandora hadi hospitali kila wiki huila sehemu kubwa. Ukiwapa wachache kiasi cha kutosha, maelfu wanabaki mikono mitupu. Afisa anayelala akiwaza uchaguzi huo si adui wa watoto.

Waliotutangulia katika orodha ni Wamarekani, na uzoefu wao una mafunzo ya pande zote mbili. Tangu 1981 majimbo yao yameruhusiwa kutumia fedha za Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, kulipia huduma nyumbani na katika jamii, badala ya kumpeleka mtu katika taasisi. Kwa kuwa jimbo linaweza kuweka kikomo cha idadi ya watu, orodha za kusubiri zilizaliwa. Leo wako mamia ya maelfu, wengi wao wakiwa watu wenye ulemavu wa akili na wa ukuaji, na wanasubiri kwa miaka. Yapo majimbo yanayomwandika kila anayeomba bila kuchunguza kwanza kama anastahili. Orodha inavimba, na wabunge wanapata kisingizio cha kutoiamini. Yapo yanayopanga kwa udharura. Inasikika vizuri hadi uone matokeo yake: familia inayojikaza haifikiwi, kwa sababu daima kuna iliyo katika hali mbaya zaidi, na zamu yake huja mama anapougua au anapofariki. Mzazi anaadhibiwa kwa kuvumilia.

Kwa hiyo anayesema orodha peke yake haitibu mtu anasema kweli, na Marekani ni ushahidi wake. Tofauti ni kwamba kule watu wanaweza kubishana juu ya idadi, kwa kuwa idadi ipo. Tukijenga yetu, tathmini itangulie kuandikwa, na udharura usiwe kigezo pekee: umri wa mtoto na muda aliosubiri navyo vihesabiwe, ili mtoto wa miaka 2 asipitwe na miaka yake ya thamani kwa sababu mama yake hajavunjika moyo bado.

Shuleni ndiko nimeona mjadala ukienda kombo zaidi. Nafasi katika vitengo maalum ni haba. Mzazi anayetaka kitengo kama kile cha usonji katika shule ya msingi ya City, Ngara, au shule kama Jacaranda, anajua si suala la kufika na sare tu. Maelezo ya kawaida ni kwamba shule ni chache. Ni kweli, ila kuna sababu ya pili isiyosemwa. Mtaala wa wanafunzi wenye ulemavu wa akili hupangwa kwa hatua badala ya madarasa ya umri: mwanafunzi huanzia msingi, akaenda kati, kisha maandalizi ya ufundi, kisha ufundi wenyewe. Kielimu ni mpango mzuri, nami siupingi. Lakini mwisho wa ngazi hiyo hakuna kitu. Kijana wa miaka 22 aliyejifunza kusuka mikeka au kupanda sukuma wiki anatakiwa aende wapi?

Mwalimu akimwambia mama amchukue, anamrudisha kijana kwenye chumba kimoja Mathare au Mukuru, ambako mama atachagua kati ya kuacha kibarua cha kufua nguo na kumfungia mwanawe ndani hadi jioni. Mwalimu anajua hivyo, basi hamwambii. Kijana anabaki shuleni mwaka mwingine na mwingine, na mtoto wa miaka 6 anayengoja kuingia anaendelea kungoja. Foleni ya mlango wa kuingilia inatokana na kukosekana kwa mlango wa kutokea. Tukijenga madarasa mapya bila kugusa upande huo, yatajaa na kuganda vilevile.

Ndiyo maana naona huduma za watu wazima ndizo zingestahili shilingi ya kwanza mpya, ingawa siasa hupenda picha za watoto. Kaunti ina kumbi za kijamii, kama ule wa Kaloleni, ambazo siku nyingi za juma zingeweza kuwa vituo vya mchana: watu wawili waliofunzwa, choo kinachopitika kwa kiti cha magurudumu, kazi ya mikono, chakula cha mchana. Nafasi moja humo inawafaa wawili, kijana aliyetoka shuleni na mtoto anayechukua kiti chake. Wapinzani wa wazo hili, na baadhi yao ni watu wenye ulemavu wenyewe, wanasema kukusanya watu wazima ukumbini ni kuwatenga kwa njia mpya, na kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 unataka mtu aishi katika jamii kama wengine, pamoja na kufanya kazi ya kweli. Wana haki ya kuhofia. Taasisi nyingi za ovyo duniani zilianza kama suluhisho la muda. Pamoja na hayo, kati ya ukumbi wenye watu na chumba chenye kufuli sioni shaka ya kuchagua, mradi ukumbi uwe wa siku chache za juma na ajira ibaki kuwa lengo linaloandikwa kwa kila mmoja.

Kuhusu kuwatambua watoto mapema, tuna mtandao ambao nchi nyingi hazina. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii 100,000 wanazunguka nyumba kwa nyumba wakiwa na simu na vifaa, wakilipwa shilingi 5,000 kwa mwezi na serikali ya kitaifa na ya kaunti kwa pamoja. Wafunzwe maswali machache: mtoto amekaa? ameitikia jina lake? ana degedege zinazojirudia? Pingamizi ni kwamba watawatambua watoto kisha wawapeleke wapi. Vituo vya tathmini vya elimu vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark, na Kasarani kuna Taasisi ya Elimu Maalum iliyoanzishwa 1986, lakini wataalamu wa viungo na wa usemi ni wachache mno kwa jiji la watu zaidi ya milioni 4. Jibu langu ni mtaalamu azunguke zahanati za wadi kwa zamu, akiwafundisha kina mama kwa kikundi, huku hospitali kubwa ikibaki kwa kesi ngumu. Mtoto hatapata kila kifaa, ila mama hatapoteza siku nzima ya kibarua kwa nusu saa ya mazoezi.

Hili linabana zaidi sasa kwa kuwa mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke makao ya watoto warudi katika familia. Nauunga mkono. Lakini familia inayorudishiwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo bila mtaalamu, bila nepi na bila shule imekabidhiwa mzigo peke yake, na gharama imehamishwa tu kutoka kwenye hesabu za makao.

Usiri nao usipuuzwe. Mitaani bado kuna wanaomwambia mama mtoto wake ni laana. Orodha ya wazi itangaze nambari ya ombi, wadi, huduma na tarehe. Jina libaki kwa mzazi na ofisi, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Mzazi akiweza kuangalia nambari yake kwa simu, wanaouza nafasi watapungukiwa soko.

Nairobi ina wadi 85, na haihitaji kuanza na zote. Wadi 5 zinatosha: wanaosubiri ni wangapi, huduma gani, tangu lini. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1 na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Hesabu ikianza Januari, itakuwa mikononi mwa wazazi wakati wa vikao vya maoni ya umma, kabla makadirio hayajapitishwa.